Fuko, Ndovu na Bibi: Umri Mrefu wa Mamalia Kandokando ya Njia ya Tabora

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikavuka ukame wa Ugogo na kufika Unyanyembe, mahali palipo na mji wa Tabora hivi sasa, kisha ikateremka hadi Ujiji kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, imeandikwa sana katika historia kama njia ya pembe, ya watumwa na ya wapagazi wa Kinyamwezi. Ni nadra kusomwa kama njia iliyokatiza maskani ya wanyama ambao umri wao umewashughulisha wanabiolojia kwa miongo mingi. Chini ya udongo wa mashamba ya karanga na viazi vitamu wamo fuko. Katika misitu ya miombo ya Ugalla na nyanda za Moyowosi wamo ndovu. Mwisho wa njia, kwenye vilima vilivyo juu ya ziwa, wamo sokwe wa Gombe na Mahale. Na katika kila kijiji cha njiani yumo binadamu, ambaye kwa kipimo cha mamalia ni mnyama wa ajabu kwa jinsi anavyochelewa kufa.

Swali linalowaunganisha viumbe hao ni moja. Mamalia wote wamejengwa kwa seli, yaani chembe hai, zinazofanana sana, na seli hizo zinaendeshwa na jeni ambazo kwa sehemu kubwa ni zilezile. Iweje basi mmoja achakae na kufa ndani ya miaka mitatu, na mwingine afikishe sabini? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba umri mrefu si kipaji cha kiungo kimoja wala cha jeni moja, bali ni matokeo ya mizani ya muda mrefu baina ya hatari zinazomjia mnyama kutoka nje na gharama za kuutunza mwili wake, na kwamba historia ya njia ya Tabora inaonyesha wazi, pengine kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, yanayowafika wanyama wa umri mrefu pale mizani hiyo inapogeuzwa ghafla.

Kabla ya kuendelea, mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku yanafaa kutenganishwa. Wastani wa umri wa kuishi ni hesabu ya jamii nzima, na hushushwa sana na vifo vya watoto wachanga, ndiyo maana jamii yenye wazee wengi wa miaka sabini inaweza kuwa na wastani wa miaka arobaini. Umri wa juu ni kikomo ambacho wachache wa spishi fulani hukifikia wakiepushwa na njaa, maradhi na maadui. Dawa na maji safi vimeuinua wastani wa binadamu kwa kasi kubwa. Kikomo chake kimebaki karibu palepale, na mtu aliyethibitishwa kuishi muda mrefu kuliko wote, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Uchambuzi huu unahusu kikomo, kwa sababu ndicho kinachotofautisha spishi na spishi.

Kanuni ya kwanza inayoeleza tofauti hizo ni ukubwa wa mwili. Panya wa nyumbani, hata akilishwa vizuri ndani ya tundu lenye usalama, ni shida kupita miaka mitatu au minne. Ng'ombe aweza kupita ishirini. Ndovu hufika sitini na wengine hukaribia sabini. Na nyangumi wa maji ya barafu ya kaskazini ya dunia amekadiriwa, kwa kupima mabadiliko ya kemikali katika lenzi ya jicho lake, kuwa anaweza kupita miaka 200. Mnyama mdogo hupoteza joto upesi, kwa hiyo huchoma chakula upesi, na moyo wake hupiga upesi. Moyo wa panya hupiga kama mara 600 kwa dakika, wa ndovu kama mara 30. Ukizidisha mapigo ya kwanza kwa miaka mitatu na ya pili kwa miaka sitini, kila mmoja hupata karibu mapigo milioni 950. Ulingano huo uliwafanya wataalamu wa zamani waamini kwamba kila mnyama amepewa akiba ileile ya mapigo, ya kutumia haraka au polepole.

Imani hiyo ilikuwa na mvuto, lakini haikusimama. Binadamu wa miaka sabini, mwenye moyo unaopiga mara 70 kwa dakika, ametumia mapigo zaidi ya bilioni mbili na nusu. Popo mmoja wa Siberia mwenye uzani wa gramu saba hivi, ambaye moyo wake hukimbia mno anaporuka, alikamatwa akiwa hai miaka 41 baada ya kuvishwa alama. Ukubwa wa mwili, basi, unaeleza mwelekeo wa jumla tu, na spishi zenye kufundisha zaidi ni zile zinazokiuka kanuni.

Maelezo yanayokubalika zaidi yalianzia kwa Peter Medawar wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1952 kwamba uteuzi wa asili, yaani ule mchujo ambao kwao wenye sifa zinazofaa huacha watoto wengi kuliko wenzao, hulegea kadiri umri unavyosonga. Porini wengi huliwa, hufa njaa au huugua wakiwa bado vijana. Kasoro inayojitokeza katika umri ambao karibu hakuna anayeufikia haichujwi na chochote. George Williams wa Marekani aliongeza mwaka 1957 kwamba jeni inayomfaidi mnyama ujanani huenea hata kama itamdhuru uzeeni. Mwaka 1977 Thomas Kirkwood aliliweka jambo hilo katika lugha ya matumizi: chakula ni haba, na kila kiasi kinachokwenda kwenye kuzaa hakiwezi tena kwenda kwenye kukarabati mwili.

Hoja hiyo inaeleweka upesi kwa mtu aliyeona tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa la bapa iliyoenea Unyamwezi na Ugogo. Tembe hudumu kwa kadiri linavyokandikwa upya baada ya masika. Udongo uleule, ukiachwa mvua mbili au tatu bila mkono wa mtu, huporomoka. Mwenye kutarajia kuhama mwakani haoni sababu ya kukandika, na mwenye kutarajia wajukuu wakulie humo hukandika kila mwaka. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alimokaa David Livingstone mwaka 1872, lingali likitazamwa na wageni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba limejengwa upya na kukarabatiwa. Mwili wa mamalia ni wa namna hiyo: haudumu kwa ugumu wa udongo wake bali kwa ukarabati, na ukarabati hufuata matarajio yaliyorithiwa kutoka kwa vizazi vilivyotangulia kuhusu muda ambao mnyama angeachwa hai na maadui zake. Steven Austad aliipima hoja hii Marekani, akaonyesha mwaka 1993 kwamba oposamu wa kisiwa kisicho na wanyama wanaokula nyama huzeeka polepole kuliko ndugu zao wa bara. Kwa hiyo mnyama anayeruka, anayejichimbia au aliye mkubwa kiasi cha kutoliwa ndiye anayetazamiwa kuishi muda mrefu, na ndivyo ilivyo kwa popo, fuko na ndovu.

Fuko anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu watu wengi wanaoishi juu yake humjua kwa uharibifu tu. Mkulima huona vilima vya udongo mbichi shambani asubuhi, kisha hukuta mzizi wa muhogo umetafunwa kutoka chini huku majani yangali mabichi. Mchimbaji mwenyewe ana macho madogo yasiyomsaidia sana, hana masikio ya nje, na meno yake ya mbele yametokeza nje ya midomo, hivi kwamba midomo hufunga nyuma ya meno na udongo hauingii kinywani anapochimba. Handaki lake likitobolewa, huhisi hewa inayopita na baada ya muda huja kuliziba kwa udongo, na hapo ndipo watu humvizia. Mbali na binadamu na nyoka wachache, maadui wanaoweza kumfuata huko aliko ni haba. Mmoja wa fuko wanaoenea Tanzania, mwenye manyoya ya rangi ya fedha, amepewa jina la kisayansi la Heliophobius, lenye maana ya mwenye kuogopa jua. Wengine, wanaopatikana pia kusini-magharibi mwa nchi, wamo katika jenasi ya Fukomys, jina lililotungwa mwaka 2006 kwa kuunganisha neno fuko, linalosikika katika lugha kadhaa za Kibantu, na neno la Kigiriki lenye maana ya panya. Si mara nyingi sayansi huazima jina la jenasi kutoka kinywani mwa wakulima, na hapa iliazima vema.

Jamaa wa fuko hao aliyechunguzwa kuliko wote ni fuko uchi wa Kenya, Somalia na Ethiopia, mnyama asiye na manyoya, mwenye uzani wa gramu 35 hivi, anayeishi katika makundi makubwa chini ya ardhi yenye jike mmoja tu anayezaa, kama ilivyo kwa mchwa. Jennifer Jarvis, aliyewakusanya nchini Kenya, ndiye aliyeuthibitishia ulimwengu mpangilio huo wa kijamii mwaka 1981. Kwa ukubwa wake fuko uchi angetazamiwa kuishi kama panya. Kumbe katika maabara wapo waliopita miaka 35. Ajabu zaidi ni namna anavyokufa. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz wa Uingereza alionyesha kwamba hatari ya mtu mzima kufa huongezeka kwa uwiano usiobadilika kadiri umri unavyopanda, na leo inajulikana kwamba kwa binadamu hatari hiyo hujirudufu kila baada ya miaka minane hivi. Rochelle Buffenstein na wenzake, wakitumia kumbukumbu za zaidi ya wanyama 3,000 wa ukoo uliotoka Kenya, walitangaza mwaka 2018 kwamba kwa fuko uchi hatari ya kufa haipandi pamoja na umri: mwenye miaka ishirini hakaribii kifo kuliko mwenye miaka mitatu. Hilo halimaanishi kwamba hafi. Maana yake ni kwamba uzee haumsogezi kwenye kifo kwa namna inayowasogeza mamalia wengine.

Ndani ya mwili wake zimepatikana sababu kadhaa, na hakuna hata moja inayotosha peke yake. Mwaka 2013 Vera Gorbunova na Andrei Seluanov, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, walieleza kwamba nafasi zilizo kati ya seli zake zimejaa hialuronani, yaani ute mzito wa sukari ndefu, wenye molekuli kubwa mara kadhaa kuliko za binadamu. Ute huo huifanya seli ihisi mapema kwamba imebanwa na kuacha kugawanyika, jambo linalozuia uvimbe wa saratani kuanza. Jeni inayotengeneza ute huo ilipopandikizwa kwa panya wa kawaida, kama ilivyoripotiwa mwaka 2023, panya hao waliishi muda mrefu kidogo kuliko wenzao na saratani ikapungua. Kwa kuwa hewa ya handaki ni nzito, mnyama huyu pia anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni yoyote, seli zake zikigeukia fruktosi, sukari ya matunda, kama nishati ya dharura. Kauli inayorudiwa mara kwa mara kwamba hapati saratani kabisa inapaswa kuachwa, kwa maana visa vichache vimeripotiwa kwa wanyama waliofugwa. Lililo kweli ni kwamba saratani kwake ni nadra mno, na hilo lenyewe ni kubwa.

Jambo ambalo maelezo ya maabara huelekea kulisahau ni jamii. Fuko wa rangi ya fedha huishi mpweke, kila mmoja katika handaki lake, na spishi za wapweke kwa jumla hazifikii umri wa wale wanaoishi kwa ukoo, ingawa wote wanafichwa na udongo uleule. Philip Dammann na Hynek Burda, katika utafiti wao wa mwaka 2006 juu ya fuko wa jenasi ya Fukomys kutoka Zambia, waligundua kwamba wanandoa wanaozaa huishi karibu mara mbili ya watoto wao wasiozaa, japokuwa wanakula chakula kimoja na wanatokana na damu moja. Matokeo hayo yanapingana waziwazi na fikra kwamba kuzaa lazima kuchakaze mwili. Yanaonyesha kwamba mahali ambapo wengine huchimba, huleta chakula na kulinda, mnyama anayezaa hujikuta katika usalama mkubwa kuliko wote, na mwili wake hupangiwa ukarabati wa muda mrefu unaolingana na usalama huo.

Kuna kipimo kimoja ambacho kimezisogeza pamoja hoja hizi zote. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa kutoka Taasisi ya Sanger nchini Uingereza walihesabu, katika seli za utumbo za mamalia wa spishi 16, makosa yanayojikusanya kwenye DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo katika kila seli. Kwa mwaka mmoja panya alipata makosa karibu 800, binadamu 47, twiga 99, na fuko uchi 93. Twiga, mnyama wa taifa la Tanzania, na fuko anayetosha kwenye kiganja cha mkono wana kasi karibu moja ya kuharibika, na umri wao wa kuishi haupishani sana. Zaidi ya hapo, ukizidisha kasi kwa umri, kila spishi hufika mwisho wa maisha ikiwa na makosa yanayokaribiana, kama 3,000 kwa kila seli. Haijathibitika kwamba makosa hayo ndiyo yanayoua. Lakini ni dhahiri kwamba spishi zilizorithi umri mrefu zilirithi pia namna bora ya kuyalinda maandishi yao.

Ndovu analeta fumbo la aina nyingine. Richard Peto wa Uingereza alidokeza mwaka 1977 kwamba, kama kila seli inapogawanyika inabahatisha kuwa ya saratani, basi mnyama mwenye seli nyingi na miaka mingi angepaswa kujaa saratani. Hata hivyo hali haiko hivyo, na kitendawili hicho kimebaki na jina lake. Ndovu mzima ana seli zinazopita za binadamu kwa makumi ya mara, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba ndovu wanaokufa kwa saratani hawafiki asilimia tano, wakati kwa binadamu ni kati ya asilimia 11 na 25. Sehemu ya jibu ilipatikana katika jeni inayoitwa TP53, ambayo protini yake hukagua DNA ya seli na, ikikuta uharibifu usiorekebishika, huiamuru seli ijiue kabla haijazaa nyingine mbovu. Binadamu ana nakala moja ya jeni hiyo kutoka kwa kila mzazi. Ndovu ana 20. Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe ambaye ni ndugu wa karibu wa ndovu ingawa umbo halisemi hivyo, ana nakala chache tu, kwa hiyo inaelekea kwamba nakala ziliongezeka katika ukoo wa ndovu kadiri miili ilivyozidi kuwa mikubwa. Njia ya ndovu ni kinyume cha njia ya fuko: mmoja huizuia seli isigawanyike ovyo, mwingine huiua iliyoharibika bila kusita.

Kikomo cha ndovu kinaonekana kwa macho ndani ya kinywa chake. Kila upande wa taya hupata magego sita katika maisha yote, nayo hayaoti kutoka chini kama ya binadamu bali huja kutoka nyuma na kusukumana kwenda mbele, yakifuatana kama wapagazi katika safu. La mbele linapochakaa kwa kusaga magome na nyasi zenye mchanga, humeguka vipande na kudondoka, na la nyuma yake hushika zamu. Gego la sita huanza kazi ndovu akiwa katika umri wa utu uzima, na hakuna jingine nyuma yake. Linapolika hadi kubaki bapa, kwa kawaida katika miaka ya sitini, mnyama ambaye moyo na seli zake bado zinafanya kazi hushindwa kutafuna, huhamia kwenye majani laini ya kandokando ya maji, na hatimaye hufa kwa njaa. Richard Laws, aliyefanya kazi Uganda, alitumia mfuatano huo mwaka 1966 kutengeneza jedwali la kukadiria umri wa ndovu kwa kutazama taya lake, na jedwali hilo limekuwa msingi wa karibu kila utafiti wa umri wa ndovu uliofuata.

Mwisho wa njia, sokwe wa Gombe wamefuatiliwa mmojammoja tangu Jane Goodall alipofika hapo mwaka 1960, na hadi alipofariki mwaka 2025 kumbukumbu zilikuwa zimevuka vizazi kadhaa. Fifi, aliyezaliwa miaka miwili kabla ya utafiti kuanza na kutoweka mwaka 2004, alizaa watoto tisa, idadi kubwa mno kwa sokwe, kwa kuwa jike hukaa miaka mitano au sita kati ya uzazi na uzazi. Sokwe jike huweza kuzaa karibu hadi miaka hamsini, na porini wengi hufa kabla ya hapo, ingawa huko Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, iliripotiwa mwaka 2023 kwamba majike kadhaa huishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma. Binadamu amelifanya jambo hilo kuwa la kawaida: mwanamke hukoma kuzaa karibu na umri uleule wa sokwe, kisha huishi miongo miwili, mitatu au zaidi.

Kwa nadharia ya Medawar na Williams miaka hiyo haina maelezo, kwa kuwa asiyezaa hachujwi na uteuzi. Kristen Hawkes na wenzake walilitafutia jibu katika nchi ya Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi, kuanzia miaka ya 1980. Waliona kwamba wanawake wenye miaka zaidi ya sitini walikuwa miongoni mwa wachimbaji hodari kuliko wote wa mizizi ya porini, chakula kinachohitaji nguvu ambazo mtoto hana, na kwamba mama alipokuwa na mtoto mchanga, ukuaji wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulitegemea kazi ya bibi yake. Bibi mwenye afya, kwa hiyo, huacha kizazi kikubwa kupitia kwa binti yake, na jeni za kuutunza mwili baada ya ukomo wa uzazi huenea kwa njia hiyo. Nadharia hii haielezi kila kitu, na wapo wanaoona kwamba mchango wa wanaume wawindaji umepunguzwa mno ndani yake. Lakini imefanya jambo muhimu, nalo ni kuutoa uzee kwenye orodha ya mabaki na kuuweka kwenye orodha ya kazi.

Kwa ndovu kazi hiyo imepimwa. Jike wa ndovu huendelea kuzaa hadi miaka ya hamsini, na kundi la familia huongozwa na mkubwa wao. Katika Amboseli nchini Kenya, ambako ndovu wanajulikana kwa majina tangu mwaka 1972, Karen McComb na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba makundi yenye jike kiongozi mzee hutofautisha vizuri zaidi sauti za ndovu wanaowajua na za wageni, na kwamba huzaa vizuri zaidi. Katika Tarangire, ukame wa mwaka 1993 uliua ndama 16 kati ya 81 katika miezi tisa. Makundi yaliyotoka hifadhini na kwenda kutafuta maji na malisho mbali yalipoteza wachache. Yalikuwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa hai wakati wa ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961. Kundi lililobaki palepale lilikuwa limepoteza wazee wake kwa majangili, na lilipoteza ndama wengi. Kumbukumbu ya njia ya kwenda majini haimo katika jeni. Imo katika kichwa cha mzee mmoja, na huisha naye.

Hapo ndipo biolojia inapokutana na biashara ya Unyanyembe. Pembe ya ndovu ni jino la mbele lisiloacha kukua, na kwa dume huzidi kunenepa kadiri miaka inavyopita, kiasi kwamba uzani wake ni daftari la umri. Wafanyabiashara wa pwani na Unyamwezi, wakipima kwa frasila, ambayo ni kilo 16 hivi, hawakusema kuhusu umri, lakini lugha yao iliupanga: pembe ndogo ziliitwa kalasha, na nzito zaidi ziliitwa buri. Bei ya kila frasila ilipanda kwa pembe kubwa, kwa hiyo soko lilimlipa mwindaji ziada kwa kumwua mzee. Jozi ya pembe nzito kuliko zote zinazojulikana, zenye takriban kilo 100 kila moja, ilitoka kwa dume aliyeuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898 na ikauzwa Zanzibar. Ndovu wa maeneo ya karibu na pwani walikuwa wamekwisha zamani; waliobaki Unyamwezi walipopungua, misafara ilivuka ziwa hadi Manyema, na watu kama Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, walijenga utajiri wao huko.

Mnyama aliyepangwa kwa ajili ya umri mrefu hana kinga dhidi ya hatari ya namna hiyo. Ndovu jike hubeba mimba miezi 22, huanza kuzaa akiwa na miaka zaidi ya kumi, na hukaa miaka minne au mitano kabla ya ndama mwingine. Madume huzaa zaidi wakiwa na miaka arobaini na kuendelea, na ndio hao wenye pembe kubwa. Mpango huo unafaa pale ambapo simba hawezi kumgusa mzima. Panya, kwa kuzaa upesi, hufidia hasara ndani ya msimu mmoja. Ndovu huhitaji nusu karne. Huko Mikumi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Kathleen Gobush, Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao ulionyesha kwamba majike waliobaki bila wazee wala ndugu wa karibu baada ya ujangili walikuwa na viwango vya juu vya homoni za msongo na walizaa kwa uhaba, miaka mingi baada ya risasi kunyamaza.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 hesabu ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000, na mfumo wa Malagarasi na Moyowosi, kaskazini-magharibi mwa Tabora, ulikuwa miongoni mwa ulioumia sana. Idadi imeanza kupanda tangu hapo, na wanaolinda hifadhi wanastahili sifa kwa hilo. Hata hivyo hesabu ya vichwa peke yake haitoshi kupima kupona kwa mnyama wa aina hii, na ripoti za sensa zingefaa kutaja kila mara, pamoja na jumla, ni wangapi wamepita miaka arobaini. Ndama kumi hawawi sawa na jike mmoja aliyeuona ukame mkubwa akaukumbuka. Echo, jike kiongozi wa Amboseli aliyejulikana kuliko wote, alikufa mwaka 2009 akiwa na miaka 65 hivi. Ndama aliyezaliwa Ugalla mwaka wa sensa ya 2014, akiachwa aishi, atafikisha umri huo mwaka 2079.